Makalio Hayasemi Uongo

Mlingoti alikuwa na imani moja maishani, na hakuipata kwenye nyumba yoyote ya ibada. Aliamini kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, kwa macho, hata kwa machozi, lakini makalio hayasemi uongo. Ukitaka kumjua mtu, alikuwa akisema, usihangaike na uso wake. Pindua kiti chake.

Na viti alikuwa navyo. Viti vyote vya lile jengo la ofisi vilipita mikononi mwake, kuanzia cha karani wa mapokezi hadi kile cha ngozi cha meneja mkuu, kikubwa kiasi kwamba meneja mwenyewe akikaa alionekana kama kitu kilichosahauliwa humo. Jina la Mlingoti alipewa kwa sababu ya urefu. Akipita mlangoni aliinama, akikaa kwenye benchi magoti yalimsogelea kidevu, na mkewe alipenda kusema kwamba tangu aolewe naye ameifahamu dari kuliko sakafu. Kwenye mkataba kazi yake iliitwa matengenezo, maana yake taa, vitasa, mabomba, na chochote kingine ambacho kikiharibika kila mtu hutazama pembeni. Lakini taa alizibadilisha kwa kununa. Moyo wake ulikuwa kwenye viti.

Alikuwa na chumba chake chini ya ngazi kuu, na siku ya kiti kuoshwa ilikuwa na taratibu zake kama siku ya mtu kunyolewa. Kwanza alikilaza kiti miguu juu. Alichomoa magurudumu moja moja na kuchambua kwa wembe nywele zilizojisokota humo, na kutokana na nywele hizo pekee angekuambia nani amebadilisha mtindo wa kusuka na nani ameanza kupata upara akidhani hakuna aliyeona. Halafu alikung'uta vumbi kwa brashi, akapaka povu la sabuni kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kwa sababu mtu anayemwaga maji kwenye sponji ya kiti, kwa maoni yake, hafai hata kuoa. Kwenye mishono alipitisha mswaki mkuukuu. Alikaza skrubu zote, akadondosha mafuta kidogo kwenye shingo ya kiti, akakianika kivulini hadi kikauke.

Mwisho alikikalia yeye mwenyewe. Hili lilikuwa jambo la lazima. Fundi asiyekalia kazi yake, alisema, ni sawa na mpishi asiyeonja. Alikaa, akaegemea, akainua kiti kwa kile kishikio cha pembeni mpaka miguu yake ipumzike inavyotakiwa, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha alichukua kipande cha waya na koleo, akakifunga kishikio kile kisisogee tena. Watu wa ofisini ni watundu, wanapandisha na kushusha siku nzima, mwishowe bomba la gesi linachoka na lawama zinamrudia fundi. Kwa hiyo kila kiti kilichotoka chumbani mwake kilitoka kimesafishwa, kimepimwa na kufungwa waya, na hakuna aliyeruhusiwa kubishana.

Sasa, katika kuosha viti miaka yote ile, Mlingoti alijitungia elimu yake. Mkono wa kushoto ukichubuka, mwenye kiti ni mtu wa simu na maneno maneno. Egemeo likibonyea juu, huyo analala baada ya kula. Lakini alama kubwa kuliko zote ilikuwa ukingo wa mbele. Kiti kikichakaa ukingoni wakati nyuma bado ni kipya, jua mwenyewe hakai, ametua tu. Huyo mguu mmoja uko nje. Huyo anaondoka.

Na kweli waliondoka. Karani wa mapokezi wa zamani alikuwa amechakaza ukingo, na kabla mvua hazijaisha akawa ameacha kazi. Mwanasheria wa kampuni naye vivyo hivyo. Kisha mchora ramani. Mlingoti alimnong'oneza mlinzi wa getini kila mara, na kumnong'oneza mlinzi yule ni sawa na kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Sifa zikaenea. Ikafika mahali bosi wa utumishi mwenyewe alishuka ngazi akijifanya anatafuta kitasa, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna viti vingine vya kutilia shaka. Mlingoti alimjibu kwamba siri ya mgonjwa haitolewi, halafu akamtajia wote.

Miongoni mwa waliotajwa alikuwa mhasibu, mama mmoja mfupi, mkali, ambaye ukimwona amesimama nyuma ya kabati unaweza kudhani amekwenda nyumbani. Huyu alishamlalamikia Mlingoti zaidi ya mara moja kwamba kiti chake kinamuumiza mgongo. Mlingoti alipanda juu, akakikalia, akakiona kitamu, akamwambia kiti hakina kosa, atakizoea. Alipokiosha baadaye akakuta ukingo umekwisha, akamwambia mlinzi, na mlinzi akafanya kazi yake. Ndani ya siku chache wenzake wa uhasibu walianza kumwangalia kwa huruma, mmoja akamwomba amwachie lile dirisha, mwingine akamletea kadi ya kumtakia kila la heri. Mhasibu aliteremka hadi chini ya ngazi na kadi ile mkononi, akamuuliza nani kasema anaondoka. Mlingoti hakutetereka. Alimwambia kwa upole wa daktari kwamba yeye hana neno, ni makalio yake mwenyewe yaliyosema. Mhasibu akairarua kadi, akaviweka vipande vyake kwenye ndoo ya povu.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mganga hajigangi, na kwa Mlingoti hakukuwa na kiti kilichowahi kuonja sabuni yake. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani. Tangu pacha wenyewe wakue na kwenda kujitegemea, alikuwa akishonea sebuleni, karibu na dirisha, kwenye cherehani ya miguu, naye alikalia kiti cha ofisi. Kiti kile kililetwa ofisini kipya, kikazidi hesabu, Mlingoti akapewa kama ahsante kwa utumishi wake. Alikuja nacho nyumbani amekibeba kichwani, njia nzima akisalimia hata watu asiowajua. Akakikalia, akakipima, akakifunga waya kama vile vya kazini, akamkabidhi mkewe, na tangu siku hiyo hakukigusa tena. Miaka ikapita.

Jumamosi moja Mama Pacha alikwenda kununua uzi na vifungo. Mlingoti alikuwa amejilaza kwenye mkeka akijiandaa kulala, lakini usingizi ukagoma, kwa kuwa asubuhi nzima lile gurudumu la kiti lilikuwa likipiga kelele na sasa kelele ile ilikuwa imehamia kichwani mwake. Akaona afadhali alimalize. Akatafuta wembe, brashi, sabuni na kitambaa, akakilaza kiti miguu juu kama alivyozoea.

Magurudumu yalikuwa yamesokotwa na nyuzi za rangi zote, na pini, na kipande cha utepe wa gauni la harusi ya nani sijui. Alizichambua akipiga mluzi. Kisha akakisimamisha kiti apake povu, na mluzi ukakatika.

Ukingo wa mbele ulikuwa umekwisha. Kitambaa kilishachanika, sponji imechungulia, na sponji yenyewe imelika hadi karibu na ubao. Lakini nyuma, kwenye egemeo, bado palikuwa na ile nailoni ya dukani. Haikuwa hata na mkunjo. Katika miaka yote ile mgongo wa Mama Pacha haukuwahi kuigusa.

Katika maisha yake ya kupindua viti Mlingoti hakuwahi kuona alama iliyo wazi namna ile. Mwanasheria na mchora ramani walikuwa watoto wadogo mbele ya huyu. Alikaa sakafuni, povu likimkauka mkononi, na mambo aliyokuwa akiyasikia kwa sikio moja yakaanza kurudi kwa foleni. Mama Pacha alikuwa akiongea na dada yake kwenye simu mara nyingi siku hizi, na Mlingoti akiingia yeye humwambia dada yake haya, tutaongea. Begi kubwa lilikuwa limeteremshwa kutoka juu ya kabati, ikasemekana linaanikwa jua. Na dada mtu alikuwa na nyumba kubwa, mji mwingine, na tangu zamani alitaka ndugu yake ahamie huko washone pamoja. Mlingoti akaogopa. Aliogopa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mtu mwingine angemuuliza mkewe. Mlingoti hakuona sababu ya kuuliza jambo ambalo kiti kimeshalijibu. Alichofanya ni kuanza kuwa mume mwema, kwa ghafla na bila maarifa. Mama Pacha aliporudi alikuta vyombo vimeoshwa, pamoja na vile vilivyokuwa safi. Jioni alisifiwa mapishi, wakati chakula kilikuwa cha jana kimepashwa moto. Jumapili alishikwa mkono kuvuka barabara ambayo haikuwa na gari hata moja. Mama Pacha alimtazama kwa jicho la pembeni, akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Akasema hapana. Akamuuliza kama ana mwanamke. Akasema hapana. Basi, Mama Pacha akasema, kama ni ugonjwa aende hospitali mapema.

Jumatatu akaenda kazini akiwa hana raha. Aliagizwa apande juu kwa wahasibu kukaza droo iliyokuwa imetoka kwenye reli yake. Droo yenyewe ilikuwa chini kabisa, ikabidi alale chali chini ya meza, miguu yake ikaziba njia, na kila aliyepita alimruka akinung'unika. Alipogeuza kichwa kutafuta skrubu iliyodondoka, akaona kitu ambacho fundi wa viti, kwa miaka yote ile, hakuwahi kukiona, kwa kuwa hakuwahi kulala chini.

Aliona miguu. Chini ya safu nzima ya meza, miguu ilikuwa inaning'inia. Ile ya mhasibu ilikuwa karibu zaidi, imevuliwa viatu, inapapasa hewani ikitafuta sakafu. Haikuipata. Mhasibu akajisogeza mbele kidogo, akajisogeza tena, hadi akafika ukingoni kabisa mwa kiti, na hapo ncha za vidole zikagusa chini, naye akashusha pumzi na kuendelea na kazi. Jirani yake alikuwa ameweka miguu juu ya boksi la karatasi. Mwingine alikuwa amevikunja vifundo vyake kwenye vyuma vya magurudumu kama ndege aliyetua tawini. Nyayo pekee zilizokanyaga sakafu barabara zilikuwa za mlinzi aliyepanda kuleta barua, naye alikuwa amesimama.

Mlingoti alibaki chali, skrubu mkononi. Akamkumbuka karani wa mapokezi: mfupi. Akamkumbuka mwanasheria: mfupi, tena wa kusimama kwenye kistuli mahakamani. Mchora ramani alikuwa na urefu wa kutosha, lakini huyo alipata kazi nzuri zaidi, na dhidi ya hilo kiti hakina dawa. Kisha akaikumbuka miguu yake mwenyewe, mirefu kama hasira ya jirani, ikipumzika inavyotakiwa kwenye kila kiti, na waya, na koleo. Elimu yote ile ilikuwa ni yeye mwenyewe.

Watu wengine wangeona aibu. Mlingoti alitaka kucheka kwa furaha, maana kama alama ni uongo, basi Mama Pacha haondoki popote. Alitambaa kutoka chini ya meza, akamwomba mhasibu asimame kidogo, akakata waya kwa koleo, akamwambia akae na kuvuta kishikio. Mhasibu alimtilia shaka, lakini akakaa, akavuta. Kiti kikashuka taratibu kwa sauti ya kupumua, na nyayo zake zikatua sakafuni zote mbili kwa wakati mmoja. Akaangalia mbele yake, akaangalia kushoto na kulia.

"Kumbe meza ina urefu huu," akasema.

Mlingoti alirudi nyumbani siku hiyo kwa hatua kubwa, koleo mfukoni. Mama Pacha alikuwa ametua kwenye ukingo wake, anakanyaga cherehani. Mlingoti alimsimulia yote bila kuvua viatu: alama, elimu yake, mhasibu, miguu chini ya meza, na jinsi alivyokosa amani tangu Jumamosi kwa sababu ya kitambaa kilichochanika.

"Nilidhani unaondoka," alimalizia huku akicheka.

Mama Pacha hakucheka. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Naondoka kweli," akasema. "Jumamosi. Dada ameshanipangia chumba cha kushonea."

Mlingoti alifungua mdomo kusema kwamba haiwezekani, kwa sababu kiti kimeshathibitika hakina maana yoyote. Akaufunga. Kwa mara ya kwanza alimwangalia mkewe usoni kama anavyoangalia kiti, akauona uso uliochoka, uliochoka zamani.

"Siku ulipokileta nilikuambia kimepanda," Mama Pacha akasema. "Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Alimwambia kiti hakina kosa, atakizoea.

"Si kiti tu, Baba Pacha. Nikisema paa linavuja, unasimama hapo, unasema wewe hujalowa. Nikisema watoto hawapigi simu kwa sababu ukiishika unaongea wewe tu, unasema hawana salio. Kila kitu unakipima kwa urefu wako. Mimi nimechoka kuning'inia."

Aliyasema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mlingoti, kwani mtu anayepaza sauti bado anatarajia kusikilizwa. Basi akapiga magoti, jambo ambalo kwa urefu wake lilichukua muda, akakata waya. Alitaka kukikalia akijaribu. Mkono ulishaufikia mgongo wa kiti. Akauondoa.

"Kaa wewe," akamwambia. "Vuta mwenyewe. Utaniambia kikifika."

Mama Pacha alisita, akakaa, akavuta kishikio. Kiti kile kilikuwa hakijashuka tangu siku kilipoingia nyumba ile, kikakwama kidogo, kikalia, halafu kikashuka. Bado, akasema. Kikashuka tena. Bado. Mlingoti aliikodolea macho miguu ya mkewe, miguu midogo yenye ufa kisiginoni ambayo hakuwahi kuitazama vizuri, mpaka nyayo zikalala chini.

"Hapo."

Akajisogeza nyuma, na mgongo wake ukagusa nailoni. Akageuka, akaishika pembe, akaichana yote kwa mvuto mmoja, akaitupa. Kisha akaegemea. Alifumba macho, na chozi likamtoka, na hakulifuta. Mlingoti alitamani kumwambia asiende. Alitamani kumweleza kwamba sasa kiti kimepona na kwa hiyo mambo yameisha. Maneno yalikuwa tayari ulimini.

"Ukienda, utarudi?" akauliza.

Mama Pacha alifumbua jicho moja. "Hilo ni swali la kwanza kuniuliza ambalo hujanijibia."

Lakini hakulijibu. Jumamosi alikwenda. Mlingoti alimbebea begi hadi kwenye basi, akasimama kwa kuinamisha shingo chini ya kibanda cha kituo, akarudi kwenye nyumba yenye mwangwi. Kazini alipita ofisi kwa ofisi akikata waya, akimuuliza kila mtu kama miguu inafika, na mlinzi alipotaka kujua nani anafuata kuondoka alimjibu kwamba hajui, akamuulize mhusika mwenyewe. Nyumbani alipanda juu ya paa, akalikuta tundu, akaliziba. Watoto walipopiga simu alisikiliza mpaka mmoja akauliza kama bado yupo. Kiti cha dirishani alikishonesha kitambaa kipya, akawa anakifuta vumbi kila jioni, na hakukikalia hata mara moja, ingawa benchi lilimkunja magoti hadi masikioni.

Kisha jioni moja simu ikaita, na alikuwa Mama Pacha. Walisalimiana. Akamwambia dada hajambo, kazi ni nyingi, wateja wa huko wanapenda mikono mifupi.

"Kiti cha huku nacho kimepanda, na kishikio kimekwama," akasema.

Mlingoti alijua kila kitu kuhusu viti vilivyopanda. Alijua aina zake, dalili zake na dawa yake, na yote yalimjaa mdomoni kwa mpigo. Akayameza.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

Mlingoti akaibana simu sikioni.

"Njoo unichukue," Mama Pacha akasema. "Na koleo lako uje nalo. Dada naye ni mfupi."